Saa 840 na Donge la Uzi: Kufuma Wodini ni Suala la Sera

Tuanze na hesabu. Mgonjwa wa saratani anayepangiwa mionzi kwa utaratibu wa vipindi 25 hupata kipindi kimoja kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa muda wa wiki 5. Tukikadiria kwamba kila kipindi kinamlaza juu ya meza ya mashine kwa dakika 15, jumla ya muda wake wote chini ya mashine ni saa 6 na robo. Wiki 5 zina saa 840. Saa 6 na robo ni za daktari, mtaalamu wa mionzi na mashine ya mabilioni ya shilingi. Saa 833 na ushei zinazobaki ni za nani?

Swali hili halimo katika fomu yoyote ya rufaa niliyopata kuisoma. Wala sijalisikia katika hotuba za bajeti, ambazo huhesabu mashine, vitanda na madaktari bingwa, na ni haki zihesabu. Lakini saa zile 833 hazipiti bure. Humjenga mgonjwa au humbomoa. Ninadai katika makala haya kwamba saa hizo ni sehemu ya matibabu, na kwamba mojawapo ya njia nyepesi na za heshima za kuzijaza ni ile ambayo wanawake wengi wa Karagwe wanaijua tayari: uzi na sindano. Kufuma.

Najua baadhi yenu mtauliza siasa imeingiaje katika sweta. Imeingia pale ambapo mtu fulani ofisini anaamua kipi ni cha lazima wodini na kipi si cha lazima. Kugawa mahitaji ya watu katika makundi hayo mawili ndiyo siasa yenyewe, hata pale inapofanywa kwa tangazo lililobandikwa ukutani kwa gundi.

Safari ya kutoka Nyakahanga

Nyakahanga iko Karagwe, jirani na Kayanga, makao makuu ya wilaya. Hospitali yake inamilikiwa na Dayosisi ya Karagwe ya KKKT, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa hospitali teule ya wilaya, tangu kabla Kyerwa haijamegwa na kuwa wilaya inayojitegemea mwaka 2012. Hapo mgonjwa hupokelewa, huchunguzwa na huandikiwa rufaa. Mionzi hakuna. Kwa mionzi, mtu wa Nyakahanga hutazama Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kabla Bugando haijaanza huduma ya mionzi, njia ilikuwa moja tu: zaidi ya kilomita 1,000 hadi pwani, katika basi, na mwili unaouma.

Leo hali ni afadhali, na ni vema kulisema hilo bila kigugumizi. Mwanza ni karibu zaidi kuliko Dar es Salaam. Tangu Juni 19, 2025, Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya kivuko ambayo iliwahi kuwalaza wagonjwa ndani ya magari wakiyatazama maji ya ziwa. Lakini daraja hufupisha safari, halifupishi kungoja. Dawa za saratani za kutundikwa hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya siku 21, na kabla ya kila mzunguko damu hupimwa. Chembe nyeupe zikiwa chache, mgonjwa huambiwa arudi wiki ijayo. Arudi akitokea wapi? Aende Karagwe na kurudi kwa nauli ambayo hana, au akae kwa ndugu wa ukoo kule Igoma, katika chumba ambacho tayari kina watoto wanne?

Kwa mujibu wa sera yetu, saratani ni miongoni mwa magonjwa sugu ambayo wagonjwa wake wanastahili msamaha wa gharama za matibabu. Msamaha huo haugusi nauli, malazi, chakula cha muuguzaji, wala msimu wa kahawa unaopita bila mchumaji. Ndiyo maana familia nyingi huanza na mchango wa ukoo, kisha mbuzi, kisha ng'ombe, na mwisho huuza kipande cha kibanja. Na mgonjwa, ambaye maisha yake yote alikuwa akiamka alfajiri kuhudumia migomba, hukaa sasa katika benchi la mbao akijihesabia kila kitu kinachouzwa kwa ajili yake.

Naandika kwa sababu dada yangu mkubwa, mzaliwa wa Nyakahanga kama mimi, alipita njia hiyo baada ya kukutwa na saratani ya titi. Alifunzwa kufuma shule ya msingi, katika somo la sayansikimu, na kwa miaka mingi alikuwa amewafumia wajukuu wa mtaa mzima, maana asubuhi za kule kwetu juu ni za baridi na mtoto mchanga hahitaji kuelezwa umuhimu wa sweta. Alipoanza dawa, jambo la kwanza aliloniagiza halikuwa matunda wala kitabu cha sala. Aliagiza madonge matatu ya uzi wa sufu na sindano zake mbili zilizobaki nyumbani ndani ya kopo la mafuta ya kupikia.

Nilimuuliza kama hatachoka. Akanijibu, "Mdogo wangu, humu kila mtu ananifanyia kitu. Sweta hili nalifanya mimi."

Katika wodi mojawapo aliyolazwa, uzi huo uliamriwa kuondolewa pamoja na "vitu visivyo vya lazima". Hospitali siitaji, kwa kuwa amri ya namna hiyo ingeweza kutolewa popote nchini. Hakuna aliyeeleza sababu. Simu za wagonjwa ziliachwa, pamoja na michezo ya kubahatisha na video zisizoisha zilizomo ndani yake. Siku mbili baadaye muuguzi wa zamu nyingine aliurudisha uzi kimyakimya, ndani ya mfuko safi. Watumishi wawili wa idara moja walikuwa na fikra mbili tofauti kuhusu mgonjwa ni nani. Nchi haipaswi kumwacha mgonjwa ategemee bahati ya zamu.

Kazi ya mikono inafanya nini

Kwanza, kufuma kunahesabika. Kitanzi kimoja, viwili, vitatu, geuza. Akili inayosubiri majibu ya kipimo haina mahali pa kutua; huzunguka juu ya neno moja mchana na usiku. Kuhesabu vitanzi hakuifukuzi hofu, bali huipunguzia nafasi ya kukaa. Anayehesabu hadi 60 na kuanza tena hawezi, kwa dakika zile, kujipigia hesabu ya miaka aliyobakiza.

Pili, kufuma kunafumulika. Kiswahili kimetupa vitenzi hivi viwili vikiwa vimeshikana mkono: fuma na fumua. Aliyekosea safu huifumua, akarudi alipopotea, akaanza upya na uzi uleule. Katika ugonjwa huu ni mambo machache yanayokubali kurudiwa. Titi lililoondolewa halirudi, na miezi iliyopotea kwa mganga wa kienyeji kabla ya kufika hospitali hairudi. Mtu aliyezungukwa na yasiyorekebishika ana haki ya kuwa na jambo moja, hata likiwa dogo kama kofia ya mtoto, linalorekebishika mikononi mwake.

Tatu, kufuma kunafungua kinywa. Aliyekulia Karagwe, Kyerwa au Bukoba anajua kwamba mazungumzo mazito ya wanawake hayafanyiki ana kwa ana, macho kwa macho. Hufanyika wakati wa kumenya ndizi, wakati wa kuchambua maharage, wakati wa kusuka mkeka. Mikono ikiwa na kazi na macho yakitazama chini, ulimi hupata ujasiri. Nimewasikia wanawake wanne waliokaa na uzi nje ya wodi wakizungumza kuhusu mume aliyeacha kupiga simu, nywele zilizobaki kwenye mto, na namna ya kumweleza binti wa kidato cha pili. Hakuna mshauri nasaha aliyeitisha kikao hicho, na hakuna aliyesaini fomu ya mahudhurio.

Nne, na kwangu hili ndilo kubwa, kufuma kunamrudisha mgonjwa katika daraja la watoaji. Sisi ni jamii ya kuchangiana. Mgonjwa wa saratani hupokea miezi mfululizo: michango ya kundi la WhatsApp, uji wa jirani, damu ya mtu asiyemjua. Kupokea bila kutoa kunachosha roho ya mtu mzima, hasa mwanamke ambaye heshima yake kijijini ilijengwa kwa kutoa. Anapomkabidhi muuguzi kofia ya sufu ili impelekee mtoto njiti wa wodi ya pili, mizani husogea. Bado ni mgonjwa, lakini hapo amekuwa pia mtu mwenye cha kumpa mwingine.

Je, kuna ushahidi? Upo, na tuupime kwa uaminifu. Mwaka 2013 jarida la Uingereza la tiba kwa vitendo lilichapisha utafiti uliowauliza wafumaji 3,545 kutoka nchi mbalimbali. Waliofuma mara nyingi zaidi walieleza kujisikia watulivu na wenye furaha zaidi, na waliofuma katika vikundi walieleza manufaa ya kijamii. Mwanafunzi wa mbinu za utafiti ataona udhaifu mara moja: waliojibu ni wale wanaopenda kufuma, na walijieleza wenyewe. Kwa hiyo simwambii mtu yeyote kwamba kufuma kumethibitishwa kutibu saratani. Hakutibu. Hakuzuii pia. Kinachozuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania, ni uchunguzi wa mapema na chanjo ya HPV ambayo wasichana wetu walianza kupewa nchi nzima mwaka 2018. Ninachosema ni kidogo na kigumu zaidi kukataa: mtu anayetibiwa ana saa, na saa hizo zina maumivu yake.

Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi, akawa afisa ustawi wa jamii kisha daktari, alifungua hospitali ya St Christopher's jijini London mwaka 1967 akisisitiza kwamba maumivu ya mgonjwa mahututi ni ya mwili, ya akili, ya kijamii na ya kiroho kwa pamoja, na kwamba anayetibu upande mmoja ameacha pande tatu. Fikra hiyo haikubaki Ulaya. Daktari Anne Merriman aliileta Kampala mwaka 1993 alipoanzisha Hospice Africa Uganda, akitumia mofini ya maji, dawa rahisi inayonyweka nyumbani. Uganda ikaenda mbali zaidi: kuanzia mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa maalumu wakaruhusiwa kuiandika dawa hiyo. Kampala ni karibu na Karagwe kuliko Dar es Salaam. Elimu ya kumfariji mgonjwa imekuwa mlangoni kwetu kwa zaidi ya miaka 30.

Na Kagera haikuhitaji kufundishwa yote. Mkoa huu ndio uliokuwa wa kwanza nchini kuripoti UKIMWI, mwaka 1983. Kwa miaka mingi, kabla dawa za kufubaza virusi hazijafika vijijini, kilichokuwepo ni mtu kukaa na mtu. Wazee wetu walijifunza kwa gharama kubwa kwamba pale dawa inapokosekana, na hata inapopatikana, kukaa na mgonjwa ni kazi yenye ustadi wake.

Somo la Thika

Kama kuna anayedhani ninazungumzia ndoto, atazame Thika, Kenya. Huko fundi cherehani mmoja, aliyeugua saratani na kujifunza kufuma wakati akiuguza mwili wake, aliwakusanya wanawake wengine waliopona au waliokuwa wakitibiwa. Kikundi chao, New Dawn Cancer Warriors, kilianza kufuma kofia na matiti bandia ya uzi kwa ajili ya waliofanyiwa upasuaji. Vyombo vya habari vilivyowatembelea viliandika kwamba titi la uzi lilikuwa likiuzwa kwa takriban shilingi 1,500 za Kenya, wakati lile la silikoni linazidi shilingi 20,000.

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapo. La kwanza ni kwamba kilichofumwa si pambo. Mwanamke aliyeondolewa titi hujikuta akijaza sidiria kwa vitambaa, soksi au pamba, akiogopa kuinama kanisani au sokoni. Titi la uzi ni jepesi, linafuliwa, halichomi ngozi yenye kovu, na linatoka mikononi mwa mtu anayejua ukubwa wa kovu lenyewe. La pili ni utaratibu wa mambo ulivyokwenda. Faraja ilitangulia, urafiki ukafuata, bidhaa ikaja mwisho. Hawakuanza na andiko la mradi.

Uzi upo Kayanga, na sindano pia. Wanawake wanaojua kufuma wapo katika kila kijiji, na waliopitia upasuaji wa titi wapo, ingawa wengi hawajitaji. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwa mwaka 2020 yaliiwekea Tanzania wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 na vifo takriban 27,000 kwa mwaka. Hawa si watu wa mbali. Kinachokosekana Karagwe ni mahali pa kukutania na ruhusa ya kukaa.

Pingamizi nne

Pingamizi la kwanza ni kwamba hii ni anasa; tununue dawa kwanza. Nakubaliana na sehemu ya pili ya sentensi hiyo. Mgonjwa anayelia kwa maumivu apewe mofini, si uzi. Asiye na nauli apewe nauli. Kiongozi yeyote atakayetumia makala haya kupunguza fungu la dawa kwa kisingizio kwamba wagonjwa "wana shughuli za kujifariji" atakuwa amefanya dhuluma. Lakini hoja ya "dawa kwanza" imegeuzwa kuwa "dawa peke yake", na hapo ndipo ninapokataa. Donge la uzi halishindani na dawa ya mamilioni katika bajeti yoyote. Linashindana na chai ya kikao kimoja cha tathmini, na hapo nadhani linaweza kushinda.

Pingamizi la pili ni la kitabibu, na lina uzito. Mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka hapaswi kushikashika vitu vichafu. Baadhi ya dawa za saratani husababisha ganzi ya vidole, na sindano haitamfaa mtu asiyeihisi. Mkono wa upande uliopasuliwa unaweza kuvimba, na mkono wenye kanula unataka utulivu. Haya yote yana majibu: uzi mpya ndani ya mfuko safi wa mgonjwa mmoja tu, sindano butu za plastiki au mbao zinazosafishika, vipindi vifupi vyenye mapumziko, na neno la mwisho liwe la muuguzi anayemjua mgonjwa huyo. Tahadhari ya kitabibu huandikwa kwa mgonjwa mmojammoja. Katazo la jumla ukutani ni jambo jingine. Hilo ni uvivu wa kiutawala uliovaa koti jeupe.

Pingamizi la tatu husemwa kwa kicheko: hayo ni mambo ya wanawake. Wodi za wanaume zimejaa wagonjwa wa saratani ya tezi dume, ya koo na ya ngozi, wanaotazama dari kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba mikono yao nayo inataka kazi. Historia inawacheka wanaocheka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanajeshi 138 waliojeruhiwa, kutoka Uingereza na makoloni yake, walidarizi kitambaa cha madhabahu ya kanisa kuu la St Paul's, London, kilichotumika katika ibada ya shukrani mwaka 1919. Hospitali za vita zilielewa kwamba mwanamume aliyevunjika anahitaji kitu cha kutengeneza. Taaluma ya tiba kwa vitendo, ambayo hapa kwetu hufundishwa KCMC, Moshi, ilikua katika mazingira ya namna hiyo. Na hatuhitaji kwenda London. Mvuvi wa ziwa hushona nyavu zake mwenyewe, na mzee wa Karagwe hujua kusokota kamba. Asiyetaka sufu apewe nyuzi za wavu.

Pingamizi la nne haliji kama pingamizi bali kama sifa, na ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Litasema: wazo zuri, tuligeuze kuwa mradi wa ujasiriamali. Wagonjwa waundiwe kikundi, kikundi kisajiliwe, kiombe mkopo katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kisha mgeni rasmi, fulana, na picha ya hundi kubwa kuliko mgonjwa mwenyewe.

Nasema hapana. Katika nchi hii tumejenga tabia ya kutomruhusu maskini afanye jambo lolote kwa ajili ya nafsi yake. Akilima, ni kilimo biashara. Akiimba, ni ajira kwa vijana. Akifuma akiwa na dripu mkononi, tumuulize soko liko wapi. Mgonjwa wa saratani ana haki ya kufanya kazi isiyodaiwa marejesho. Ana haki ya kuacha sweta katikati kwa kuwa leo hawezi, bila mtu kumwandika kuwa mkopaji sugu. Waliopona, wenye nguvu, wakitaka wenyewe kuuza kama wale wa Thika, halmashauri iwafungulie mlango. Lakini mlango huo usiwekwe kando ya kitanda.

Kinachowezekana kuanzia mwezi ujao

Sipendi makala yanayoishia kwa "wadau washirikiane". Kwa hiyo nitataja mambo, na nitamtaja mhusika wa kila jambo.

Waganga wafawidhi na makatibu wa hospitali: andikeni katika taratibu za wodi sentensi moja inayosema kwamba kazi safi ya mikono inaruhusiwa wodini na katika vyumba vya kusubiria, isipokuwa pale ambapo mtaalamu amemzuia mgonjwa husika kwa sababu iliyoelezwa. Sentensi hiyo haina gharama. Itamlinda mgonjwa dhidi ya bahati ya zamu, na itamlinda pia muuguzi mwenye huruma asilazimike kurudisha uzi kwa kuficha.

Maofisa ustawi wa jamii: wekeni kapu. Liwe na uzi, sindano butu na mifuko safi. Msianze na fomu. Anzeni na mtu mmoja anayejua kufuma na mmoja anayetaka kujua.

Walimu na wanafunzi wa chuo cha uuguzi kilichopo hapohapo Nyakahanga: ninyi ndio mtakaompokea mgonjwa anaporudi kutoka Mwanza, kichwa hakina nywele na kijiji hakijui kimsemeshe nini. Wakati huo hatari yake kubwa ni kufungiwa ndani kwa aibu. Kikundi cha watu sita kinachokutana mara moja kwa wiki chini ya mwembe wa hospitali, mikono ikiwa na kazi, kitamwona akidhoofika kabla faili halijamwona, na kitajua nani ameshindwa kurudi kliniki kwa kukosa nauli. Makanisa na misikiti ina kumbi zinazolala tupu siku za katikati ya wiki, ziombeni.

Wanaharakati: msiishie kwenye uzi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na mjadala wa nini kiwemo katika kitita bado unatuhusu. Ulizeni kuhusu nauli ya mgonjwa wa rufaa. Ulizeni kuhusu hosteli za wagonjwa wanaotoka wilaya za mpakani. Saa 833 zinavumilika zaidi kwa mtu mwenye kitanda cha kulala karibu na mashine. Nawaomba tu mnapodai hayo makubwa msione haya kudai na haya madogo, kwa sababu mgonjwa hangoji mageuzi yakamilike ndipo aanze kuogopa.

Na sote kwa pamoja: tuache kuutumia vibaya msemo kwamba mgonjwa haulizwi uji. Wahenga walikusudia kwamba asicheleweshewe msaada, apewe bila kusubiri aombe. Sisi tumeugeuza kuwa leseni ya kumwamulia kila kitu. Fomu ya kumpokea mgonjwa inamuuliza umri, dini, kabila na ndugu wa karibu. Iongezwe mstari mmoja: unapenda kufanya nini kwa mikono yako? Wapo watakaojibu kufuma, kusuka, kushona nyavu, kuandika. Wapo watakaojibu kwamba wamechoka na hawataki chochote, na jibu hilo nalo liheshimiwe, maana faraja inayolazimishwa ni zamu nyingine ya kazi.

Bajeti ijayo ya afya itakaposomwa, tutasikia idadi ya mashine, na kila mashine mpya ni ya kushangilia. Ninachoomba ni mbunge mmoja tu, wa chama chochote, asimame na kuuliza: mheshimiwa waziri, mmemwandalia nini mgonjwa huyu kwa saa zile ambazo mashine haimhitaji?